Ukoo Wetu na Wikipedia: "Hatustahili kwa Nani?"

BARUA

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa sekondari, nina miaka 38, na ni katibu wa chama cha ukoo wetu huku Kilimanjaro. Chama kilianzishwa mwaka 1987 na baba zetu wanane baada ya msiba uliotuumiza sana. Ndugu yetu mmoja alifariki Dar es Salaam, akakaa mochwari siku tisa kwa sababu hatukuwa na fedha za kumrudisha nyumbani azikwe kihambani, yaani kwenye shamba la migomba la familia, kwa baba yake. Wale wazee wakaapa kwamba jambo hilo halitatokea tena, na kweli halijatokea. Leo tuna kaya 140, tumesajiliwa, tuna katiba na mfuko wa misiba, tumesomesha watoto 31 hadi chuo. Kila tarehe 27 Desemba tunakutana nyumbani kwa mwenyekiti, na hata walioko nje ya nchi hujitahidi wafike.

Mwenyekiti ana miaka 83. Kati ya wale wanane amebaki peke yake. Mwaka juzi mjukuu wake alimsomea kwenye simu makala ya Wikipedia inayohusu ukoo wa Mazrui wa Mombasa. Alisikiliza hadi mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na sisi tumeandikwa wapi humo?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Tangu siku ile, swali hilo ndilo ajenda ya kila kikao.

Tukachanga. Kijana mmoja wa mjini anayejitambulisha kuwa mtaalamu wa mitandao alisema kazi hiyo ni laki nne, tukampa. Baada ya wiki mbili akatuma kwenye kundi letu la WhatsApp picha ya ukurasa: jina la chama juu, nembo yetu pembeni, historia, majina ya viongozi, orodha ya watoto waliohitimu. Watu walishangilia siku nzima. Desemba iliyopita, ndafu imeshakatwa na mbege imeshazunguka, mwenyekiti akaniambia niufungue ukurasa wenyewe ili wote waone. Nilitafuta jina la chama mara tatu. Nikabadilisha laini, nikaomba simu ya mtu mwingine. Haupo. Mzee alikuwa ameshavaa miwani na amenyoosha mkono kupokea simu. Mkono ule ulibaki hewani, na mimi sikuwa na cha kumpa.

Sasa kijana anataka laki mbili nyingine "za kuuthibitisha". Nusu ya wanaukoo wanasema tumlipe tumalize. Wengine wanasema mimi ni mwalimu, niandike mwenyewe bure. Binti wa kaka yangu, anayesoma chuo Dodoma, aliandika kundini kwamba tuache kabisa kwa sababu chama chetu "hakistahili" kuwa na makala. Shangazi, neno hilo limewasha moto. Baba zake wadogo wawili hawamsemeshi mpaka leo. Mwenyekiti mwenyewe hakukasirika. Aliuliza tu, kwa sauti ya chini, "Hatustahili kwa nani?"

Nilivyo navyo mkononi ni katiba, cheti cha usajili, madaftari ya mikutano tangu 1987, habari fupi ya gazeti kuhusu darasa tulilojenga katika shule ya msingi, na tasnifu ya mwanafunzi wa chuo kikuu iliyohusu maji. Tasnifu hiyo imeueleza ukoo wetu katika kurasa mbili, kwa kuwa babu zetu ndio waliochimba mfongo, yaani mfereji wa asili, unaopeleka maji kwenye vihamba vya kijiji.

Je, tunastahili makala, au binti yetu amesema kweli? Na wazee nikawaambie nini?

Katibu wa Ukoo,
Wilaya ya Moshi

JIBU

Marahaba mwanangu. Pole kwa ule mkono uliobaki hewani. Mstari huo nimeurudia zaidi ya mara moja.

Nianze na fedha, kwa kuwa hilo haliwezi kusubiri. Msimwongezee kijana huyo hata senti. Wikipedia haina ada ya kuandikwa, haina ada ya kuthibitishwa, wala haina ofisi mjini inayopokea malipo kwa niaba yake. Inaandikwa na watu wanaojitolea, na gharama za mitambo hulipwa na taasisi ya Wikimedia Foundation ya Marekani, ambayo hutegemea zaidi michango ya wasomaji. Mtu yeyote mwenye simu anaweza kufungua akaunti, akaandika lolote kwenye ukurasa wake wa majaribio, akaupiga picha na kuutuma. Ukurasa wa namna hiyo unafanana na wa kweli, lakini haumo ndani ya ensaiklopidia. Isitoshe, tangu mwaka 2014 masharti ya matumizi yanamtaka yeyote anayelipwa kuandika atangaze waziwazi ni nani aliyemlipa. Mwulize kijana kama alifanya hivyo. Mnayo meseji ya makubaliano na ya muamala, zitunzeni, na laki nne zenu mzidai bila kuona haya.

Sasa tuje kwenye lile neno.

Binti yenu amesema kweli, lakini amelitwika neno mzigo usio wake. Kwa Kiswahili chetu, ukimwambia mtu mzima kwamba hastahili, umegusa heshima yake, jasho lake na wazazi wake. Ndiyo maana baba zake wadogo wamenuna. Lakini Wikipedia haipimi hayo. Haiulizi kama mlizika ndugu zenu kwa heshima, wala kama watoto 31 wamesoma. Swali lake ni moja, nalo ni kavu kabisa: je, watu wasiohusika nanyi wameshaandika habari zenu kwa kirefu, mahali panapoaminika? Ndiyo maana mwizi aliyeandikwa na magazeti ya nchi nzima anaweza kuwa na makala ndefu, na mama aliyelea mayatima kijijini kwake maisha yake yote asiwe na hata mstari mmoja. Hilo linaniuma hata mimi. Lakini ensaiklopidia ni kitabu cha kukusanya yaliyokwisha kuandikwa kwingine na kuhakikiwa. Ikianza kupokea ya mtu kujieleza mwenyewe, msomaji hatajua tena aamini nini.

Kwa hiyo mzee wako ameuliza swali zuri kuliko wote: hatustahili kwa nani? Jibu lake ni kwamba hakuna aliyewapima akawakuta mmepungua. Mwambie hivyo, kwa maneno hayo hayo.

Tutazame vilivyomo mkononi mwako. Katiba na cheti cha usajili vinathibitisha kwamba mpo, na ni vyenu wenyewe. Nchi hii ina vyama vingi mno vilivyosajiliwa, na usajili peke yake haujawahi kuwa sababu ya makala. Madaftari ya mikutano ni hazina, nitayarudia, lakini nayo ni sauti yenu na hayajachapishwa. Ile habari ya gazeti inahusu darasa. Kama mwandishi alialikwa kwenye uzinduzi, akasikiliza risala na kuiandika kama ilivyosomwa, wahariri wa Wikipedia wataihesabu kuwa maneno ya chama yaliyopitia gazetini. Na kama mna ndugu waziri, profesa au askofu, msimtumie kama ngazi. Sifa ya mtu haihamii kwenye chama alichozaliwa ndani yake, hata awe amekitumikia kiasi gani.

Inabaki tasnifu. Hapo mwanangu tukae kidogo, kwa sababu naona hamjaona mlicho nacho.

Mmechanganya vitu viwili: ukoo na chama cha ukoo. Umri wa chama haupishani sana na wako. Ni mfuko, katiba na kikao cha Desemba, na vyama vya namna hiyo viko karibu kila ukoo, Uchaggani na kwingineko. Ukoo ni kitu kingine. Una mahali, una kazi uliyoifanya ambayo kijiji kizima kinainywa na kuimwagilia mpaka leo. Yule mwanafunzi hakuja kuandika habari za chama chenu. Alikuja kuandika habari za maji, akafuata mfereji kutoka kwenye banio la juu hadi migombani, akakuta nyinyi. Huyo ndiye shahidi asiyehusika. Na hakuandika neno juu ya mfuko wa misiba.

Rudi kwenye ile makala ya Mazrui iliyomgusa mzee. Haihusu chama cha Wamazrui. Inahusu watu walioitawala Mombasa katika karne ya 18 hadi mwaka 1837, Sayyid Said wa Oman alipowashinda, watu waliokaa katika ngome ya Fort Jesus na hata kuomba himaya ya Waingereza kati ya 1824 na 1826. Habari zao zilishaandikwa na Waomani, na Waingereza, na wanahistoria wa baadaye, wengine wakiwa maadui zao. Lakini sikiliza na hili, maana ndilo ninalotaka ulibebe hadi kikaoni. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa 1891 na kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alikaa chini akaandika kwa Kiarabu historia ya watu wake. Akafariki mwaka 1947, na kazi hiyo bado haijachapishwa. Ilikuja kutoka kitabuni mwaka 1995, ikiwa na tafsiri ya Kiingereza na maelezo ya mtu wa nje ya ukoo. Karibu miaka 50 baada ya mwandishi kuzikwa! Mzee wako aliposomewa simuni, alisikia mwisho wa safari. Mwanzo wake ulikuwa mtu wa ukoo, kalamu, na saa nyingi za kukaa na wanaokumbuka.

Si Mombasa tu. Buganda ina koo zaidi ya 50, kila moja na mwiko wake na mkuu wake, na yanayojulikana leo juu ya koo hizo yanadaiwa kwa sehemu kubwa na Apolo Kagwa, katikiro, yaani waziri mkuu wa Buganda, aliyeziandika mwanzoni mwa karne ya 20. Nje kabisa ya kwetu, huko Penang, Malaysia, kuna chama cha ukoo wa Kichina kinachoitwa Khoo Kongsi ambacho kimo Wikipedia. Lakini kimo kwa sababu ya jumba lake la ukoo. La awali liliungua mwaka 1901, likajengwa upya na kukamilika 1906, na limo katika mji wa George Town ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008. Wasanifu na wanahistoria wameliandika jumba hilo wee, na chama kimeingia kwa mlango huo.

Mlango wenu ni mfongo.

Kabla sijafika huko, nijibu wale wanaosema uandike mwenyewe. Usiandike makala ya chama. Wewe ni katibu wake, na sheria za Wikipedia zinamtaka mwenye maslahi akae pembeni, au aseme waziwazi kuwa ana maslahi na apendekeze tu kwenye ukurasa wa majadiliano, ule ulio kando ya kila makala ambapo wahariri hujadiliana, wengine waamue. Ukiiandika kwa siri itafutwa, na mkono wa mzee utabaki hewani mara ya pili.

Na hata ingewezekana, ningekushauri usifanye. Wazee wengi wanadhani makala ya Wikipedia ni kama bango la shaba lenye jina la mwenye nyumba. Sivyo. Ukurasa ule usingekuwa wenu. Kesho ndugu aliyekosa haki yake katika kesi ya kihamba, na kesi hiyo ikawahi kutoka gazetini, angeweza kuiandika humo na chanzo akaweka, na nyinyi msingekuwa na haki ya kuifuta kwa kuwa inawaudhi. Tena nimeshtuka kusoma kwamba kijana aliweka orodha ya watoto waliohitimu. Majina kamili ya vijana walio hai, labda na shule na miaka yao, yabaki mtandaoni kwa ridhaa ya nani? Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, hiyo si mali ya kuanika. Ile picha iondoeni kundini.

Sasa mfongo. Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003 na ina makala zaidi ya 80,000. Leo jioni ukitulia, fungua makala ya kata yenu. Ikiwa kama nyingi nilizosoma, utakuta inasema hivi: fulani ni kata ya Wilaya ya Moshi, katika Mkoa wa Kilimanjaro, Tanzania, msimbo wa posta ni huu, kwa sensa ya mwaka 2022 wakazi ni wangapi. Basi, imekwisha. Chini yake kuna maneno yanayosema hiyo ni makala fupi, na wahariri makala fupi huziita mbegu. Watu elfu kadhaa, makanisa, masoko, mito, mifongo iliyochimbwa kwa majembe na kushika mteremko ambao mhandisi wa leo angeupima kwa vyombo, na yote yaliyoandikwa ni idadi ya watu. Mwanangu, hilo linanisikitisha kuliko chama chenu kukosa ukurasa.

Hapo ndipo ile tasnifu inapofanya kazi. Chukua kurasa zile mbili. Angalia kwanza kama ni ya uzamivu, maana hiyo hupokelewa kwa urahisi kuliko ya uzamili, na kama imewekwa kwenye hazina ya maandiko ya chuo ambapo msomaji mwingine anaweza kuifikia. Halafu pendekeza kwenye ukurasa wa majadiliano wa makala ya kata sentensi tatu nne: mfongo unaanzia wapi, unapita wapi, ulichimbwa na nani kwa mujibu wa mtafiti huyo. Sema wazi kwamba wewe ni wa ukoo huo. Jina la ukoo wenu litaingia katikati ya sentensi, na chanzo kando yake, bila nembo na bila orodha ya viongozi. Jina lililoingia hivyo halina sababu ya kung'olewa. Tafuta pia maandiko mengine, maana mifongo ya Kilimanjaro imewavutia wageni tangu karne ya 19 na watafiti wa jiografia na historia wameiandika sana. Wengi wameeleza kwamba mkuu wa mfongo kwa kawaida alitoka katika ukoo wa aliyeuchimba. Huenda wenu umetajwa kwingine na hamjui.

Kuna pa kutafuta. Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zina vile vitabu vya wilaya vya enzi za Mwingereza, ambamo maofisa waliandika habari za watemi, koo na mila za kila wilaya. Karatasi za namna hiyo hazitoshi peke yake kuwa chanzo cha Wikipedia, lakini zitakuelekeza. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nayo ina mkusanyiko wa Afrika Mashariki ambao mimi, niliyefanya kazi maktaba miaka mingi, nisingechoka kuukalia. Nilipokuwa kazini alikuwa akija mzee mmoja mstaafu akitafuta jina la kijiji chake katika kitabu chochote kile. Tulilipata siku moja kwenye tanbihi, mstari mmoja, herufi ndogo. Aliomba karatasi, akaunakili kwa mkono wake pamoja na namba ya ukurasa, akaikunja na kuiweka mfuko wa shati. Kwa hiyo namwelewa mwenyekiti wenu. Sidhani anatafuta umaarufu. Nadhani wale saba waliotangulia wanamwelemea, na anaogopa akifunga macho yeye hakuna wa kuwasimulia.

Basi mpeni nafasi awasimulie akiwa hai, tena mwezi huu, msingoje Desemba. Nenda asubuhi akiwa na nguvu. Weka simu kwenye hali ya ndege ili isikatishwe, iweke karibu naye juu ya kitambaa isipige kelele za meza, na umwachie aseme Kichagga. Kutafsiri kutakuja baadaye. Usianze na "tueleze historia ya ukoo", maana swali hilo humfanya mzee atoe hotuba. Muulize kitu kimoja. Siku ile mwili ulipokaa mochwari siku tisa, nani alileta habari nyumbani, na wewe ulikuwa umekaa wapi? Ukinyamaza baada ya swali, ataongea saa nzima. Siku nyingine mpeleke hadi kwenye banio la mfongo kama miguu inaruhusu, na kama hairuhusu mpelekee picha zake.

Madaftari ya 1987 yapigwe picha kurasa zote kabla mchwa na unyevu havijayapata. Yasikae kwa mtu mmoja. Kisha, taratibu, andikeni kitabu chenu. Kitabu chenu wenyewe hakitawapa makala ya Wikipedia, nikuambie ukweli, kwa kuwa kitakuwa bado ni sauti yenu. Lakini humo mtaandika kila kitu ambacho ensaiklopidia isingewaruhusu: wale wanane kwa majina yao, nani alichangia ng'ombe, nani alikataa kuchanga akaja kuomba radhi. Namba ya kitabu, ile ISBN, hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na nakala hupelekwa kwao kuhifadhiwa. Mtafiti atakayekuja miaka 30 ijayo atakikuta rafuni, atakipima na vyanzo vingine, na akiandika yake, huyo ndiye atakayenukuliwa.

Picha mlizopiga wenyewe za mfongo mnaweza kuzipandisha Wikimedia Commons, ambako Wikipedia huchukua picha zake. Mjue tu kwamba ukishaiweka pale umeruhusu mtu yeyote aitumie, hata kwa biashara. Picha za zamani za studio ambazo hamkupiga nyinyi msiziweke.

Kazi ya kurekodi mpe binti wa kaka yako. Amejua kanuni kabla yenu, na ameisema kwa ukali wa ujana. Mwite kwanza faraghani, mweleze kwamba hoja yake ilikuwa sahihi na neno lake liliwaumiza wazee, akaombe radhi kwa neno bila kuikana hoja. Kisha wewe, kama katibu, simama mbele ya baba zake wadogo useme kwamba ni yeye aliyeuokoa ukoo usipoteze laki mbili nyingine. Najua wataanza kwa kuguna.

Kwa mwenyekiti nenda na binti huyo, muende wawili tu, bila kikao. Kaeni chini. Mwambie: "Meku, uliuliza tumeandikwa wapi. Tumeandikwa na mtu asiye wa kwetu, kurasa mbili, kwa ajili ya maji." Umsomee kurasa zile zote, polepole, kwa lugha yake. Mpe na karatasi yenyewe aishike, iliyochapwa kwa herufi kubwa. Baada ya hapo mwambie kwamba zilizobaki zinamngoja yeye.

Ukimrekodi, kuna kitu naomba umuulize kwa niaba yangu, kwani kila nilipokisoma kimeelezwa juu juu tu. Mwaka wa ukame, maji yakipungua kwenye mfongo, ni nani aliyekuwa akiamua kihamba cha nani kianze kumwagiliwa, na mjane asiye na mtoto wa kiume wa kwenda kusafisha mfereji alipataje zamu yake? Jibu lake niandikie.

Shangazi